Kazi Nambari Thelathini na Moja

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Juu ya duka la miwani.

Jumatano, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za kaka yako, ambaye amekaa hapa pembeni akijifanya anasafisha lenzi, kumbe macho yote yako kwenye karatasi yangu. Hujambo lakini? Mgongo je, bado unakukamata ukiinama? Na shemeji anaendeleaje na presha yake? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba daktari amemkataza chumvi naye akanuna wiki nzima. Natumaini kinyongo kimemwisha na anakula bila kugombana na sahani.

Sisi huku miili ni mizima. Magoti yangu ni yale yale, na ngazi za jengo hili zimeapa kunimaliza. Kaka yako sikio la kulia limezidi kuwa zito, ila ukinong'ona jambo lisilomhusu analisikia vizuri kabisa.

Najua umenikasirikia, na una haki. Miezi minne bila hata mstari mmoja. Sikukusahau, wifi. Niliogopa kuandika. Barua za jengo hili, zinazoingia na zinazotoka, zinapita mikononi mwa mtu mmoja, na huyo mtu ndiye nitakayekueleza habari zake. Kila nilipoandika "Mpendwa wifi" nilimwona akiishika bahasha na kuigeuza kwenye mwanga, nami nikaichana karatasi.

Ilianza kwa furaha. Unaijua kazi yangu: miaka ishirini na sita nimeandika maneno ya vibonzo kwenye lile jarida la watoto. Wenzangu wanachora watu, mimi nawajazia maneno kwenye maputo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinitania kwamba nalipwa kwa kusema maneno ya wengine. Basi mwezi wa pili nikaletewa barua: nimeteuliwa kuwa mmoja wa majaji watatu wa Tuzo ya Vibonzo na Hadithi za Michoro. Kila mwaka wachoraji wanapeleka kazi zao, na inayoshinda inachapishwa kitabu, mwenyewe akaitwa jukwaani na kupigiwa makofi. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilimsomea kaka yako ile barua mara tatu, na mara ya nne akasema sikio lake limeharibika lakini si kiasi hicho.

Majaji wenzangu nikutajie. Mwenyekiti ni mzee aliyekuwa karani wa mahakama kabla hajaanza kutunga hadithi za michoro. Ni mtu wa kanuni hata kwenye kunywa chai. Wa pili ni muuza vitabu, mwanamke mcheshi, akicheka rafu zinatikisika. Tuliapa kutotafuta majina ya washiriki. Kazi zote arobaini na mbili zilikuja zikiwa na nambari tu, na majina yalibaki kwenye bahasha ndani ya droo ya mwenyekiti, imefungwa.

Boksi likaletwa kwangu nisome kwanza. Nilisoma siku nane, kwa raha zangu, miguu kwenye stuli.

Kazi nambari thelathini na moja ilikuwa chini kabisa. Haikuwa na jalada. Ni kurasa hamsini na mbili zilizoshonwa kwa uzi wa nguo, zimechorwa kwa penseli na kalamu ya kawaida ya buluu, nyuma ya fomu kuukuu za kusomea mita za maji.

Nilipofungua nilicheka. Kwenye kisanduku cha kwanza kuna mwanamke mnene, mkoba wa kalamu begani, ameshika ukuta wa ngazi anatweta, ulimi nje kidogo. Amechorwa kutoka juu, kama mtu anayechunguliwa na aliye ghorofa ya juu yake. Kiapo changu nikakisahau, nikamwita kaka yako. "Njoo uone, kuna mtu kafanana na mimi!"

Akavaa miwani, akatazama. "Hajafanana na wewe," akasema. "Ni wewe. Hata kiraka nilichokushonea kwenye mkoba kipo."

Kicheko kikanikauka. Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu. Kigae kilichovunjika kwenye kona ya ghorofa ya pili. Sanduku la barua lenye kifuniko kilichopinda. Bango la duka la kaka yako, lile la miwani iliyobanduka jicho moja. Lilikuwa jengo letu, ngazi kwa ngazi, na aliyelichora alikuwa akilitazama kupitia dirisha moja la juu linalotazama ngazi, na tundu moja la mlango.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamke anayeishi chumba cha juu kabisa. Kila asubuhi mkono unafunga mlango kwa nje, kila jioni mkono unafungua. Mume hana uso; kurasa zote ni mkono tu na kishada cha funguo. Mwanamke akifungua kinywa, puto linatoka, lakini ndani yake hakuna neno. Mimi niliyeyajaza maputo maisha yangu yote, nikayatazama yale meupe, moja baada ya jingine.

Na kwenye ule mkono, kidole cha shahada kilikuwa nusu.

Hapa ndipo nikueleze kuhusu Bwana Msaada, maana alikuja baada ya wewe kuhama. Ni msimamizi wa jengo letu. Jina hilo tulimpa sisi wapangaji, kwa upendo kabisa. Maji yakikatika, ni yeye. Mlango ukikwama, ni yeye. Mimi mwenyewe amenibebea mtungi wa gesi hadi juu bila hata kutweta. Kile kidole kilikatwa na mkanda wa pampu mwaka juzi, na jengo zima likaenda kumpa pole. Ana ufunguo wa akiba wa kila mlango, pamoja na wetu.

Na ana mke, ghorofa ya sita, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona sawasawa. Alituambia ni mgonjwa wa macho, mwanga unamchoma, haoni hata mkono wake mwenyewe. Tulihurumia, wifi. Lakini tulimhurumia yeye mume! Tulikuwa tukisimama kwenye ngazi na kusema, masikini, mwanamume mvumilivu yule. Kaka yako mara tatu alimwambia amlete dukani ampime, na mara tatu akajibiwa kwamba madaktari wameshashindwa. Mwishowe alikuja akanunua miwani ya jua, nyeusi tii, akasema hiyo inatosha.

Chakula kilipoa mezani siku ile. Kaka yako akaenda kutia komeo mlangoni, kisha akabaki amelishika, analitazama.

"Nini?" nikamuuliza.

"Aliyelifunga komeo hili hapa ni yeye," akasema.

Siku mbili baadaye Bwana Msaada akaja. Alibisha hodi huku ufunguo wake umeshaingia kitasani, kama kawaida yake, na mimi kwa miaka yote sikuwahi kuona ubaya wa jambo hilo. Nilikuwa peke yangu, kazi zimetapakaa mezani, na thelathini na moja iko mkononi. Sikuwa na muda wa kufikiri. Niliikalia. Nilikijaza kiti chote, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa unene wangu.

"Shikamoo mama. Nasikia umepewa ujaji. Hongera sana."

"Marahaba, baba. Nani kakwambia?"

Akacheka. "Mama, si mimi ninayebeba barua zenu?"

Akachukua kazi ya juu mezani, hadithi ya mbwa anayeendesha teksi, akaifunua taratibu kwa kile kidole kifupi. "Mke wangu naye alikuwa mchoraji," akasema. "Nilimkuta akichora mabango ya maduka. Macho yalipomharibika, basi tena. Kipaji kikapotea hivi hivi."

"Pole sana," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Tumeshazoea. Zipo kazi ngapi humu?"

"Arobaini na mbili."

Akatazama meza kama anayehesabu. Kisha akasema, "Simama kidogo mama, nikague bomba hilo la nyuma yako. Wa chini wanalalamika linavuja."

"Leo magoti yamekataa kabisa," nikamwambia. "Njoo kesho, baba."

Alinitazama, wifi. Hakukunja uso, hakufanya chochote. Alinitazama tu kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. "Haya mama. Usijisumbue. Nitarudi hata usipokuwepo, ufunguo ninao."

Alipotoka sikuinuka kwa saa nzima. Kaka yako alinikuta bado nimekaa, akadhani nimepooza.

Sasa nikupe sehemu ninayoionea aibu. Tulipokutana majaji kuchagua kazi tano bora, wenzangu wote wawili walikuwa wameipa thelathini na moja alama za juu kabisa. Muuza vitabu alikuwa na machozi. "Hayo maputo matupu!" akasema. "Nimewaza sana. Nimeshindwa hata kufungua duka."

Na mimi, ambaye niliipa tisa kwa mkono wangu kabla sijawaza matokeo yake, nikaanza kuiponda. Nikasema mistari imepinda. Nikasema kalamu ni ya mtoto wa shule. Nikasema hadithi isiyo na maneno ni uvivu. Nilisema uongo mwingi kwa nusu saa kuliko nilivyosema tangu nizaliwe.

Nilikuwa na sababu. Tuzo hii ina kanuni ya saba: kabla ya kutangaza, kamati inamtembelea kila mchoraji wa tano bora nyumbani kwake, na anachora mbele yao, ili ijulikane kazi ni ya mkono wake. Iliwekwa baada ya mtu mmoja kushinda kwa michoro ya mwalimu wake aliyekufa. Basi nilijiona tunapanda hadi ghorofa ya sita na karatasi zetu, tunabisha, Bwana Msaada anafungua, anajua kila kitu. Kisha sisi tunashuka, tunakwenda zetu kunywa chai, na yeye anabaki na yule mwanamke na ule mlango. Niliona heri asishinde. Heri asionekane kabisa.

Mwenyekiti akafunga daftari. "Jaji aliyetoa tisa wiki iliyopita leo anatoa mbili," akasema. "Tutakutana tena Jumatatu. Pumzika."

Sikupumzika. Niliwaza: kurasa hamsini na mbili hazikuruka dirishani. Kuna mtu alizitoa. Na mtu pekee anayefika mlango ule ni dobi wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, anayechukua nguo kila Alhamisi. Nilimvizia dukani kwa kaka yako. Nilipomwonyesha uzi ulioshonea zile kurasa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, mimi sijui chochote."

"Nami sitaki kujua chochote," nikamwambia. "Nataka kuongea naye tu."

Akatazama mlangoni, akashusha sauti. Alizitoa ndani ya foronya, akasema, kidogo kidogo, miezi saba, kisha akazishona na kuzipeleka kwenye tuzo. Bwana Msaada hukagua mashuka lakini foronya hazigeuzi. Na kama nataka kuongea na mkewe, Alhamisi asubuhi Bwana Msaada hushuka kwenye chumba cha pampu. Pampu ikinguruma, yuko chini. Ikinyamaza, anapanda.

Wifi, nilipanda hadi ghorofa ya sita na magoti haya. Dobi mbele na furushi la nguo safi, mimi nyuma nimeuma kitambaa nisitwete kwa sauti. Kule chini pampu inanguruma. Mlango ule una kufuli mbili kwa nje, moja juu, moja chini. Nje, wifi. Kwa miaka minne tumepita chini yake na mapakiti yetu ya mkate.

Nililala kifudifudi sakafuni, mtu mzima, shavu kwenye saruji, mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango. "Mimi ni yule mnene wa ngazi," nikasema.

Nikasikia pumzi karibu kabisa na uso wangu. Naye alikuwa amelala chini upande wa pili.

"Mkoba wa kiraka," akasema. Sauti ilikuwa kavu, kama haijatumika.

Nikamweleza haraka haraka. Mimi ni jaji, nimeiona kazi yake, nimejua, lakini asiogope, nimeipinga, haitaingia tano bora, hakuna atakayekuja kumletea matatizo. Nilidhani atanishukuru.

"Kwa nini umefanya hivyo?" akauliza.

"Mumeo atajua, mwanangu. Kanuni ya saba, kamati inakuja nyumbani."

"Kanuni ya saba ndiyo niliyoitaka," akasema. "Gazeti lenye masharti yenu alifungia mkate. Nimelisoma mpaka nimelikariri. Nilitaka watu waje mlangoni. Watu wengi, wenye karatasi, wanaonitaka mimi kwa jina langu. Sikuchora ili nipewe zawadi."

"Na tukishuka je? Ukibaki naye?"

"Mkishuka, nashuka na nyinyi."

Dobi akanigusa bega, lakini yule wa ndani alikuwa bado anaongea.

"Mama, usinifiche. Nimefichwa vya kutosha."

Pampu ikanyamaza.

Sijui nilivyoinuka. Dobi alinivuta kwa mkono mmoja. Tulikuwa ghorofa ya tano tuliposikia funguo zinapanda. Tukakutana naye ya nne. Akanitazama mimi, akamtazama dobi, akatazama vumbi kifuani kwangu.

"Mama! Magoti yamepona?"

"Nilimsindikiza huyu, nikaanguka," nikasema. Na nilivyokuwa natetemeka, hakuna ambaye asingeamini. Akanishika mkono akanisindikiza hadi mlangoni kwangu. Mkono ule ule. Nilihisi kile kidole kifupi kwenye kiwiko changu ngazi zote.

Jumatatu nilisimama mbele ya wenzangu nikasema kweli yote. Mwenyekiti alikasirika, na haki yake. Nilivunja kiapo, nikatafuta mshiriki, nikapindisha alama kwa makusudi. Akanitoa kwenye ujaji papo hapo, akaandika kwenye daftari. Kisha akavua miwani, akaifuta, akasema, "Kazi imeingia tano bora kwa alama za majaji wawili waliobaki. Kwa hiyo kanuni ya saba itafuatwa kama ilivyoandikwa. Na kwa kuwa miaka thelathini nilifanya kazi mahakamani, namfahamu askari mmoja wa kike ambaye Jumanne asubuhi hatakuwa na kazi."

Jumanne saa nne asubuhi wakapanda: mwenyekiti na faili lake, muuza vitabu, na yule askari akiwa na nguo za kawaida. Mimi sikuwa jaji tena, lakini ngazi ni za wapangaji wote, nikafuata. Kaka yako alifunga duka akaja pia. Nilimwambia abaki. Akasema hakusikia.

Bwana Msaada alifungua kwa tabasamu. Mwenyekiti akajitambulisha, akasoma jina la mwanamke kutoka kwenye bahasha, jina lake lote, kwa sauti ya mahakamani. Ndipo na sisi tulipolisikia kwa mara ya kwanza.

"Kuna makosa, mzee," Bwana Msaada akasema. "Mke wangu haoni. Hawezi kuchora hata mstari."

"Kanuni inanitaka nithibitishe hilo kwa macho yangu."

"Mgonjwa hasumbuliwi. Rudini siku nyingine."

Akaanza kuusukuma mlango. Hapo kaka yako, wifi, huyo huyo kaka yako anayeogopa mende, akatia mguu wake mlangoni. Kwapani alikuwa na lile bango lake la herufi za kupimia macho. Mimi sikuwa nimeliona. "Kama haoni," akasema, "tutajua sasa hivi. Ni dakika moja tu." Akaliinua bango juu.

Ndani mwanamke akaanza kusoma. Alikuwa amesimama mwisho wa chumba, miwani nyeusi ameivua ameishika mkononi, na anasoma bango kupitia juu ya bega la mumewe. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi zile herufi ndogo za chini ambazo mimi sijawahi kuziona hata nikizigusa na pua.

Mwenyekiti akampa karatasi na penseli. Alichora amesimama, ameegemeza karatasi ukutani, labda dakika tano. Alituchora sisi tuliojazana mlangoni. Nilimwangalia Bwana Msaada muda wote ule. Hakupiga kelele, hakutukana. Alikuwa anachezesha funguo, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta ile inayotakiwa.

"Ni mkono wake," mwenyekiti akasema, akaandika. Askari akamuuliza mwanamke anataka nini. Akajibu kwamba anataka kushuka. Hakuwa na viatu. Muuza vitabu akavua vyake, akashuka ghorofa sita pekupeku.

Laiti ningekwambia yameishia hapo. Bwana Msaada alichukuliwa maelezo, akatoa vyeti vya hospitali, sijui kavipata wapi, akaachiwa mpaka atakapoitwa. Siku ya tatu nikasikia pampu inanguruma. Wapangaji wamegawanyika: wengine wanatupita kwenye ngazi bila salamu, wanasema tumevunja nyumba ya mtu mwema. Tumebadilisha kitasa, na kaka yako amefunga komeo jingine kwa mkono wake, limekaa upande lakini ni letu.

Yule mwanamke alikaa chumba cha nyuma cha duka la vitabu wiki nane, hakuna aliyejua isipokuwa sisi wachache. Mimi nilikwenda kwa kuzunguka mitaa mitatu, nikitazama nyuma yangu.

Mwishoni mwa mwezi uliopita, Jumamosi alasiri, zikafika sherehe zenyewe, kwenye ukumbi wa maktaba. Yeye alitaka kupanda jukwaani. Alishonewa gauni. Tulimweka kwenye chumba cha viti nyuma ya jukwaa asubiri kuitwa. Mimi nikakaa mstari wa tatu. Nikageuka kutafuta mtu wa kusalimiana naye, na mstari wa mwisho, karibu na mlango, alikuwa amekaa Bwana Msaada. Shati safi, nywele amechana, mikono juu ya magoti. Akaniinamishia kichwa kwa adabu.

Niliinuka, nikapita mbele za watu kwa kuwakanyaga, nikamnong'oneza mwenyekiti, kisha nikaenda kukaa na yule mwanamke nyuma ya jukwaa. Mwenyekiti alipofungua bahasha alisoma hivi: "Mshindi ni kazi nambari thelathini na moja." Basi. Hakutaja jina. Muuza vitabu akapanda akapokea kwa niaba yake, na ukumbi mzima ukasimama. Makofi yalidumu, wifi, sijawahi kuyasikia ya namna ile. Yeye mwenyewe aliyasikilizia ukutani, gizani, kati ya viti vibovu, nimemshika mkono nimemziba mdomo kwa kuogopa asilie kwa sauti.

Kwenye ngazi za maktaba Bwana Msaada alinisubiri. "Hongereni, mama. Nimepiga makofi mpaka mikono inauma. Sasa zawadi yake mtampelekea wapi?"

"Sijui," nikasema.

"Nyinyi mnajua kila kitu," akajibu kwa upole, akanishikia mlango nipite.

Tangu siku ile hatulali vizuri. Juzi alionekana amesimama ng'ambo ya duka la vitabu, anakula karanga. Jana tena. Ndipo mimi na kaka yako tukaamua, na ni kaka yako aliyekutaja wewe kwanza. Kwenye jengo hili hakuna anayejua nyumba unayokaa; bahasha zako zina sanduku la posta tu, na hata hizo nimezichoma zote.

Nisalimie shemeji, umwambie avumilie chumvi. Nisalimie mama mkwe wako, na yule pacha anayependa kubishana, na mwenzake anayenyamaza, na mjukuu mnayemwita Kifaranga; mwambie bibi yake wa vibonzo anamwandikia hadithi. Kaka yako anasema umtumie picha yako, na usikunje uso.

Barua hii sikuitia posta. Aliyekukabidhi, aliyesimama mbele yako sasa hivi wakati unasoma, akitazama mlango nyuma yake, ndiye yeye. Majirani wakiuliza, sema ni mtoto wa wifi yako. Jina lake atakutajia akitaka, siku akitaka. Mpe chumba ambacho kitasa chake kinafungwa kwa ndani, wifi, na ufunguo wake mpe mkononi, wote, hata ule wa akiba.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, usiku na mchana.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe siku hizi unadunda ovyo,

Wifi yako.